Neva Iliyobanwa Shingoni: Anza kwa Kuusoma Mkono

Alikuja ameweka mkono wa kushoto kichwani, kama mtu aliyepata habari za msiba. Wenzake pale soko la Kibuye walikuwa wameshamuuliza ni nani aliyefariki. Hakukuwa na msiba wowote. Mama huyo alikuwa amegundua, bila kufunzwa na mtu, kwamba akiuweka mkono kichwani maumivu yanatulia, na akiushusha yanamrudia kama shoti ya stima, kutoka bega hadi ncha ya kidole cha kati. Alikuwa amehangaika wiki tano. Alishameza dawa za malaria mara mbili, akadungwa sindano kwenye duka la dawa, akachuliwa kwa mafuta mpaka ngozi ikachubuka. Kote huko hakuna aliyemuuliza swali dogo: ganzi iko kwenye kidole gani?

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Kisumu, na wagonjwa wa namna hii nawapokea mara kwa mara: mama wa samaki, dereva wa boda boda, fundi wa cherehani, mwalimu aliyetoka kusahihisha mitihani, mchuma chai wa upande wa Kericho. Wanalalamikia shingo, au bega, au mgongo kwa juu. Lakini ushahidi uko mkononi, na mtu yeyote anaweza kujifunza kuusoma. Hatua ninazoeleza hapa ndizo ninazozifuata mwenyewe, isipokuwa zile zinazohitaji daktari, na hizo nitazitaja wazi.

Kwanza, kinachotokea humo ndani

Shingo ina pingili 7, na pembeni mwake hutoka jozi 8 za neva, yaani mishipa ya fahamu. Zile za chini ndizo zinazoteremka hadi mikononi. Kati ya pingili na pingili kuna diski, kitu kama kimto: pembeni ni kigumu kama mpira wa tairi, katikati ni laini na kinateleza kama mrenda. Kwa watu wa umri wa kati, mara nyingi ile sehemu ya nje hupasuka na ule ute ukatoka, ukaigusa neva. Kwa aliyevuka miaka 50, kwa kawaida diski imekonda, mfupa umeota vinundu, na tundu ambalo neva hupitia limekuwa jembamba.

Jambo moja watu wengi hawalijui, nami hulieleza kila siku kwa sababu linaondoa hofu: neva haiumi kwa kubanwa tu. Ule ute una kemikali zinazoifanya neva ivimbe na iwake. Uvimbe ukishuka, maumivu hushuka hata kama mfupa haujabadilika. Tena kipande cha diski kilichotoka, mara nyingi mwili wenyewe hukila polepole kwa miezi kadhaa. Ndiyo maana wengi wa wagonjwa hawa hupona bila kisu.

Hatua ya 1: Ondoa hatari kabla ya yote

Usianze mazoezi wala kumeza chochote kabla hujajiuliza haya.

Je, maumivu ya mkono wa kushoto yamekuja pamoja na kifua kubana, jasho jembamba au kukosa pumzi? Hilo huenda ni moyo. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Je, uso umelegea upande mmoja, ulimi umekuwa mzito, mkono umelegea ghafla? Hicho ni kiharusi mpaka kithibitishwe kuwa sicho. Shingo imekakamaa na kuna homa na kichwa kinauma sana? Huku kwetu kando ya ziwa tumezoea kila homa kuiita malaria, mtu akameza vidonge akalala. Homa yenye shingo kukakamaa inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, na hiyo haisubiri asubuhi.

Kuna aliyeanguka na pikipiki au kutoka juu ya mti, halafu shingo ikaanza kuuma: asizungushwe shingo na mtu. Alazwe chali, kichwa kishikwe kisiyumbe, apelekwe hospitali akiwa hivyo.

Maumivu yanayozidi usiku hata ukiwa umetulia, kupungua uzito bila sababu, kutokwa jasho usiku, au historia ya saratani: haya yanataka uchunguzi mapema. Kifua kikuu hushambulia hata pingili, na nimeona watu wakichuliwa miezi mitatu huku pingili inaliwa.

La mwisho ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote, kwa kuwa huja kimyakimya. Ndani ya uti wa mgongo hupita kamba kuu ya neva inayohudumia mwili mzima. Ikibanwa hiyo, maumivu huenda yasiwepo kabisa. Mtu huanza kushindwa kufunga vifungo vya shati, anaangusha vikombe, miguu inakuwa mizito na anajikwaa kwenye sakafu tambarare, mkojo unakuwa taabu kuuzuia au kuutoa. Akiinamisha kichwa anasikia shoti ikishuka mgongoni. Jipime hivi: fumba na ufumbue ngumi kwa kasi uwezavyo kwa sekunde 10. Mkono wenye afya hufikisha mara 20 au zaidi. Kisha tembea hatua kumi ukigusanisha kisigino na vidole vya mguu wa nyuma, kama anayetembea juu ya tuta la shamba la mpunga kule Ahero. Ukishindwa, na zamani ulikuwa unaweza, acha kusoma mwongozo huu utafute daktari wiki hii hii. Mkojo ukiwa umeshaharibika, nenda leo.

Hatua ya 2: Usome mkono

Kaa mahali penye mwanga, chukua kalamu, uchore viganja vyako kwenye karatasi. Funga macho, mtu akuguse kila kidole kwa pamba au kwa ncha ya leso, mkono huu kisha ule. Panapohisi tofauti, paka rangi.

Ganzi ikiwa kwenye kidole gumba, pengine pamoja na cha shahada, neva ya sita ndiyo inayoshukiwa, ile inayotokea kati ya pingili ya tano na ya sita. Ikiwa kidole cha kati, ni ya saba, na hiyo ndiyo hubanwa mara nyingi zaidi kuliko zote. Kidole cha mwisho na cha pete huelekeza kwenye ya nane. Ikiwa ganzi imeishia juu ya mkono, upande wa nje karibu na bega, na haifiki vidoleni, fikiria ya tano. Mipaka hii haikuchorwa kwa rula, watu hutofautiana. Lakini ukimpelekea daktari karatasi hiyo umemfanyia nusu ya kazi.

Kisha jaribu alichogundua yule mama. Weka kiganja cha mkono unaouma juu ya utosi, utulie nusu dakika. Maumivu yakipungua, hiyo ni dalili nzuri kwamba shida iko shingoni, kwa sababu neva imelegezwa. Mtu mwenye ugonjwa wa bega lenyewe hawezi kufanya hivyo kwa raha; kuinua mkono ndiko kunakomuumiza.

Kuna kipimo ambacho daktari hufanya kwa kuinamisha kichwa upande unaouma na kukigandamiza kutoka juu. Usifanyiwe nyumbani. Ndugu wenye nia njema wameshawaongezea watu maumivu kwa kuiga walichoona kwenye simu.

Hatua ya 3: Pima nguvu, uandike

Wagonjwa hunieleza maumivu yao kwa dakika ishirini, nami nawasikiliza, maana maumivu haya yanakesha na mtu. Ila uamuzi mkubwa hautegemei maumivu. Unategemea nguvu. Mtu anaweza kulia kwa maumivu na misuli yake ikawa mizima. Huyo ana muda wa kutosha. Mwingine maumivu yameisha ghafla, anashukuru Mungu, kumbe mkono umelegea. Huyo wa pili ndiye nitakayemkimbiza kwa daktari.

Linganisha mkono mmoja na mwingine. Inua mikono yote kwa pembeni mpaka usawa wa mabega, uishikilie hapo. Chukua mtungi wa lita 5 uliojaa maji, kunja kiwiko uupandishe, mara kumi kila upande. Simama uelekee ukuta, usukume kwa mkono mmoja kiwiko kikinyooka. Kamua nguo iliyolowa. Neva ya saba ikibanwa, kusukuma ukuta ndiko kunakoshindikana. Ya sita, mtungi. Ya nane, kukamua na kushika.

Andika tarehe na matokeo. Rudia kila baada ya siku tatu. Nguvu zikibaki pale pale au zikiongezeka, endelea na hatua zinazofuata. Zikipungua, usingoje wiki sita ziishe.

Hatua ya 4: Hakikisha si kitu kingine

Ganzi inayokuamsha usiku, ukaukung'uta mkono ikaisha, ikiwa kwenye gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, na shingo haina neno: hiyo mara nyingi ni neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono. Huwapata sana wajawazito, wanaofua kwa mikono, na wanaofanya kazi ileile ya viganja kutwa nzima. Kidole cha mwisho peke yake, na ukigonga kiwiko kinazidi: tazama kiwiko. Ganzi ya mikono yote iliyotanguliwa na ganzi ya nyayo: pima sukari kwanza. Na maumivu makali ya kuunguza upande mmoja, halafu baada ya siku chache malengelenge yakajipanga kama mshipi, huo ni mkanda wa jeshi. Dawa yake hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya siku tatu tangu vipele vitokee, kwa hivyo usikae nao ukiupaka majivu.

Hatua ya 5: Hospitalini

Anzia kituo cha afya au hospitali iliyo karibu. Afisa wa kliniki makini, akiwa na kinyundo cha kupimia na pamba, anaweza kuitambua neva iliyobanwa bila mashine yoyote. Tangu SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya, ichukue nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, matibabu ya kawaida kwenye zahanati na vituo vya afya vya umma yanahitaji uwe umesajiliwa tu. Unaweza kujisajili kwa simu kwa *147#. Kwa hospitali kubwa, michango iwe imelipwa, na ombeni barua ya rufaa. Kabla ya kipimo chochote cha gharama, uliza kaunta ni kiasi gani SHA italipa na wewe utatoa nini mfukoni.

Eksirei huonyesha mifupa. Haionyeshi neva wala diski. Inafaa mtu aliyeanguka, au anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa mfupa. Kipimo kinachoonyesha neva na diski ni MRI, na hapa ndipo watu wa kwetu wanapouza mbuzi bila haja. Kama nguvu zipo na hakuna dalili ya hatari, MRI katika wiki sita za kwanza kwa kawaida haitabadilisha matibabu. Isitoshe, ukiwapiga picha watu wazima wasio na maumivu yoyote, wengi watakutwa na diski zilizochakaa. Picha inapata maana pale tu inapolingana na mkono. Nimemwona mtu aliyeambiwa diski yake ya kulia imetoka, na ganzi yake iko kushoto. Alikuwa ameanza kuchangisha pesa za upasuaji. Kwa upande mwingine, mwenye miguu mizito au nguvu zinazopungua asikubali kuambiwa asubiri. Huyo MRI ni yake, na rufaa ya haraka kwenda hospitali kubwa kama Jaramogi hapa Kisumu (wazee bado wanaiita Russia), Moi kule Eldoret, au ya Nakuru, ni haki yake.

Hatua ya 6: Wiki sita za kwanza

Usishinde kitandani. Acha kazi nzito siku mbili tatu, kisha endelea kutembea na kufanya kazi nyepesi. Neva hupenda damu, na damu huletwa na mwendo.

Kulala ndiko kunakowasumbua wengi. Tumia mto mmoja tu, unaojaza pengo kati ya sikio na bega ukilala ubavu. Usilale kifudifudi, maana shingo hukaa imesokotwa usiku kucha. Mkono unaouma uuwekee mto mwingine chini ya kiwiko, usining'inie. Jotoa shingo kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa leso, dakika 15 hadi 20. Angalizo: sehemu yenye ganzi haihisi kuungua, kwa hivyo joto lipimwe kwa mkono usio na ganzi.

Kuhusu dawa: paracetamol, vidonge viwili vya miligramu 500, visizidi vinane kwa siku, kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini. Ibuprofen husaidia zaidi panapokuwa na uvimbe, ila imezwe baada ya chakula, kwa siku chache, na isiguswe na mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu, presha isiyodhibitiwa au mimba bila daktari kusema. Diclofenac na ibuprofen ni ndugu, usizichanganye. Hili nalisisitiza kwa uchungu, kwa sababu nimepokea bahasha za dawa zenye tatu za aina hiyo hiyo, na mgonjwa akitapika damu. Dawa za neva kama amitriptyline, gabapentin na pregabalin ni za kuandikiwa. Sindano ya steroidi isiwe ya kudungwa dukani kila wiki. Hupandisha sukari na presha. Vitamini B husaidia aliyepungukiwa nayo, basi. Haiwezi kuipanua tundu la mfupa.

Mazoezi yaanze maumivu makali yakishapungua. La kwanza: kaa wima, tazama mbele, vuta kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa, kana kwamba unataka kuota kidevu cha pili. Shikilia sekunde 5, achia. Mara kumi, mara tatu kwa siku. La pili: vuta mabega nyuma na chini, mifupa ya mgongoni ikaribiane, sekunde 5, mara kumi. La tatu: geuza kichwa taratibu kushoto na kulia, uishie pale maumivu yanapoanza. Kanuni ya kukuongoza ni hii: maumivu yakipanda kutoka mkononi kurudi shingoni, hata kama shingo inauma zaidi kidogo, uko njia njema. Yakiteremka kuelekea vidoleni, acha zoezi hilo uje kwa fizio. Kuvutwa shingo na kuinyoosha neva yenyewe ni kazi ya mtaalamu, si ya kamba iliyofungwa mlangoni.

Kola ya shingo ivaliwe siku chache au wiki mbili tatu kwa ushauri wa daktari, kisha iachwe polepole. Ikikaa mno, misuli hulegea.

Na tafadhali, shingo yako isisokotwe. Nina maana ya kinyozi anayemaliza kunyoa, anakuchua, halafu anakamata kidevu na kisogo, anazungusha ghafla mpaka *ka!* Watu hufurahia ule mlio. Mara chache, lakini hutokea, msokoto huo huchana mshipa wa damu unaopanda ubongoni, na mtu akapata kiharusi akiwa kijana. Akikushika kidevu, mwambie, "Asante ndugu, shingo iache." Hatakasirika. Kuchuliwa mabega kwa upole hakuna ubaya.

Hatua ya 7: Kama wiki sita hadi kumi na mbili zimepita bila nafuu

Hapo upasuaji huzungumzwa, na mapema zaidi kama nguvu zinapotea au kamba kuu imebanwa. Njia iliyozoeleka ni kupitia mbele ya shingo, diski inatolewa na pingili mbili zinaunganishwa. Kwa maumivu ya mkono hufanya kazi haraka. Lakini kwa asiye na udhaifu, mwaka mmoja baadaye aliyepasuliwa na aliyefanya mazoezi mara nyingi hukaribiana. Mwulize daktari wa upasuaji maswali mawili: picha inalingana na kidole changu? Na nisipopasuliwa, nitapoteza nini?

Hatua ya 8: Kurudi kwenye kazi yenyewe

Sina haki ya kumwambia mama wa samaki asibebe karai wakati watoto wanakula kutoka karai hilo. Ninachomwambia ni apunguze uzito nusu na aende mara mbili, atumie ngata nene, na asaidiwe kutwika na kutua, maana shingo huumia zaidi pale anapojitwika peke yake kwa kusokota. Panapowezekana, mkokoteni. Fundi wa cherehani ainue meza, asiinamishe shingo. Kila nusu saa asimame. Mwenye boda boda ahakikishe helmeti inamtosha na shokabsoba ni nzima. Simu iinuliwe ifike usawa wa macho, na isibanwe kati ya sikio na bega.

Ujue pia mpangilio wa kupona: maumivu hutangulia kuondoka, nguvu hufuata, ganzi huaga mwisho na huweza kuchukua miezi. Yule mama alirudi sokoni wiki ya tisa, mkono ukiwa chini, ukisukuma ukuta kama mwenzake. Ncha ya kidole cha kati ilibaki imekufa ganzi. Mwezi wa nne alinipigia simu asubuhi: alikuwa akipara samaki, ngege, mwiba ukamchoma kidole kile, akauhisi.